Kupitisha boti kwenye loki bila kuizamisha

Boti nyembamba za mifereji ya Uingereza hukodishwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Unapewa maelezo mafupi, unakabidhiwa ufunguo, safari inaanza. Mtihani ni loki ya kwanza: chumba cha mawe au matofali chenye malango kila upande, kinachojazwa maji ili boti ipande, au kumwagwa ili ishuke. Loki nyembamba ina upana wa takriban mita 2.1, na boti yenyewe mita 2.08. Ukiingia vibaya utakwaruza rangi tu. Boti huzama baadaye, ikishatulia ndani, wakati kila mtu anapiga picha.

Abaki mmoja kwenye kana, yaani mpini wa usukani, mwingine ashuke nchi kavu na hendeli ya kuzungushia vilango, yaani vile vibao vinavyoziba matundu ya maji. Wa nchi kavu asifungue chochote kabla nahodha hajampa ishara, na asimame mahali anapoiona boti yote.

Tuanze na kushuka, maana ndiko kwenye hatari kubwa. Chini ya malango ya juu, yaani yale ya upande wa maji ya juu, kuna kizingiti cha mawe au zege ambacho huweza kujitokeza zaidi ya mita moja ndani ya chumba. Loki ikijaa hukioni. Tafuta mstari mweupe uliochorwa ukingoni, na uhakikishe tezi (sehemu ya nyuma) ya boti, pamoja na usukani ulio chini ya maji, imeupita kuelekea mbele. Funga malango ya juu na vilango vyake, kisha fungua vya chini kidogo kidogo. Nahodha asiondoe jicho kwenye mstari ule, kwa sababu boti hurudi nyuma polepole bila mtu kuhisi. Tezi ikikalia kizingiti, maji yanaendelea kushuka na omo, yaani sehemu ya mbele, inashuka nayo, hadi maji yaingie kwa milango ya mbele. Hapo piga kelele. Wa nchi kavu afunge vilango vya chini kwanza, halafu ndipo afungue vya juu taratibu ili boti ielee tena. Akianza na vya juu, maji yanaingia huku yanatoka, na muda unapotea.

Kamba nayo isifungwe fundo. Izungushe mara moja kwenye nguzo, ushike ncha mkononi, uilegeze kadiri boti inavyoshuka. Iliyofungwa itaininginiza boti ubavuni mwa ukuta.

Kupanda kuna vituko vyake. Fungua kwanza vilango vya ardhini, vinavyopitisha maji kwa mfereji wa chini kwa chini. Nusu tu, ungoje boti itulie, kisha vyote. Vile vilivyo kwenye malango yenyewe visiguswe mpaka matundu yake yawe yamefunikwa na maji, la sivyo yatamwagika kama maporomoko juu ya omo. Milango ya mbele ya boti ifungwe. Angalia pia omo isinase chini ya boriti ya lango: ikinasa, maji yanapanda nayo haipandi. Dawa ni kufunga vilango vya juu mara moja, kisha kupunguza maji.

Lango likigoma, usilishindilie. Maji hayajalingana pande zote mbili, hata tofauti ya sentimita chache hulibana kabisa. Egemeza kiuno kwenye boriti ndefu ya kusukumia lango, ungoje. Litafunguka lenyewe kama limechoka.

Hendeli isiachwe kwenye ekseli ya kuzungushia kilango. Kile kijino cha kuzuia kikiteleza, kilango huanguka, hendeli huzunguka kwa kasi na kuruka, na imeshavunja mikono na mataya ya watu. Teremsha kilango kwa kukizungusha, usikiachie kianguke. Na boti ya tani 15 haisukumwi ukutani kwa mguu, hata ikienda mwendo wa konokono.

Ukishatoka, funga malango na uhesabu vilango vyote. Kimoja kilichosahaulika usiku kinaweza kukausha kipande kizima cha mfereji wa juu, na asubuhi boti za wenzako zinakutwa zimelala ubavu kwenye tope.