Majibu ya Damu ya Hepesi Yanapopingana: Namna ya Kuyasoma

Karatasi mbili za maabara zinaweza kumhusu mtu mmoja, zikatoka ndani ya mwezi mmoja, na bado moja ikasema ana virusi vya hepesi, yaani vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, na nyingine ikasema hana. Anayezipokea hudhani kwamba lazima maabara mojawapo imezembea. Uzembe hutokea, lakini mara nyingi zaidi vipimo hivyo havikutafuta kitu kimoja, au vilitafuta kitu kimoja kwa nyakati tofauti, au namba iliyosomwa iko jirani mno na mpaka unaotenganisha hasi na chanya, hata mashine moja ikaiweka upande huu na nyingine upande ule. Kazi ya mwenye majibu ni kujua ni ipi kati ya sababu hizo inayomhusu, kabla hajamwambia mwenzi wake neno ambalo haliwezi kurudishwa.

Anza kwa kuomba majibu kamili kwa maandishi. Neno "chanya" lililotamkwa na mhudumu au kuandikwa kwa kalamu kwenye cheti halitoshi. Unahitaji kuona ni kingamwili gani, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, zilizopimwa, IgM au IgG. Ni virusi vya aina gani vilivyotafutwa, HSV-1 (hepesi aina ya kwanza), HSV-2 (aina ya pili) au zote mbili kwa pamoja. Ni namba ipi iliyosomwa na mpaka wa kipimo hicho ni upi. Na sampuli ilichukuliwa tarehe gani. Jina la kipimo chenyewe likipatikana, liandike pia, kwa sababu namba ya kipimo kimoja hailinganishwi na namba ya kipimo cha mtengenezaji mwingine.

Ikiwa mojawapo ya majibu yako ni la IgM, huenda mgogoro wote umeishia hapo. Wengi huelezwa kwamba IgM ni dalili ya maambukizi mapya na IgG ni dalili ya maambukizi ya zamani. Kwa magonjwa kadhaa maelezo hayo yana ukweli, lakini kwa hepesi hayategemeki. IgM ya hepesi huweza kujitokeza tena kila virusi vinapoamka kwa mtu aliyeambukizwa miaka mingi iliyopita, haitenganishi vizuri aina ya kwanza na ya pili, na huweza kusomeka chanya kwa mtu asiye na virusi hivyo kabisa. Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri waziwazi kwamba IgM isitumiwe kutambua hepesi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye IgM chanya na IgG hasi hapaswi kuhesabiwa kuwa mgonjwa kwa karatasi hiyo peke yake. Wapo wanawake wanaokutana na jibu la namna hii bila kuliomba, baada ya mimba kuharibika, kwa kuwa hepesi imo katika kundi la vipimo vya maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, liitwalo TORCH. Naona ni kuwaonea kuwabebesha jina la ugonjwa, na pengine lawama ya kupoteza mtoto, kwa ushahidi dhaifu kiasi hicho.

Jibu la IgG lina uzito zaidi, lakini nalo lina masharti. HSV-1 na HSV-2 zinafanana sana, na kipimo kinachotumia mchanganyiko wa protini za virusi kwa jumla hakiwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Vipimo vinavyofaa ni vile vinavyotafuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo glaikoproteini G, kwa kuwa protini hiyo ndiyo inayotofautiana baina ya aina hizo mbili. Jibu linalosema tu "HSV IgG chanya" bila kutaja aina lina maana ndogo sana kwa Mwafrika mtu mzima, kwa sababu wengi wetu tuliambukizwa HSV-1 utotoni, kwa mate, bila kujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana HSV-1, na wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana HSV-2. Aidha, HSV-1 chanya katika damu haisemi virusi viko mdomoni au sehemu za siri, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema hivyo.

Sasa tuje kwenye namba, ambako ndiko migongano mingi ya HSV-2 inakozaliwa. Katika kipimo kilichotumiwa sana kiitwacho HerpeSelect, namba iliyo chini ya 0.90 huhesabiwa hasi, kuanzia 0.90 hadi 1.09 haina uamuzi, na kuanzia 1.10 huhesabiwa chanya. Mtu anayesomeka 1.4 leo na 0.8 mwezi ujao ataandikiwa "chanya" kisha "hasi", ingawa kilichobadilika katika damu yake ni kidogo mno. Namba za chini namna hiyo ndizo zenye majibu mengi ya uongo, na kingamwili za HSV-1 ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kukipotosha kipimo. Ndiyo maana mwongozo wa CDC wa mwaka 2021 unataka jibu chanya la HSV-2 lithibitishwe kwa kipimo cha pili kinachofanya kazi kwa njia tofauti, hasa namba ikiwa chini ya 3.0. Watafiti waliopima damu za watu wa Rakai nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya waliona pia kwamba HerpeSelect, kwa mpaka wake wa kawaida, kiliwatia watu wengi wasiohusika katika kundi la walioambukizwa, na kwamba kupandisha mpaka kulipunguza makosa hayo. Namba iliyo juu sana ya mpaka inaaminika zaidi, ijapokuwa haielezi ukali wa ugonjwa wala muda uliopita tangu kuambukizwa.

Kipimo cha pili kinachotajwa kama rejea ni Western blot, ambacho hutenganisha protini za virusi na kuona kingamwili zinashika ipi, hasa kile kilichoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Ni kipimo cha gharama na si rahisi kukifikia ukiwa Afrika Mashariki. Njia iliyo karibu ni kumwomba daktari aagize IgG ya aina mahususi kutoka kwa mtengenezaji tofauti na wa kwanza, huku ukifahamu kwamba vipimo viwili vinavyotumia protini ileile vinaweza kukosea kwa pamoja. Kurudia kipimo kilekile katika maabara ileile, kwa matumaini kwamba namba itashuka, hakuthibitishi chochote.

Uzito wa jibu unategemea pia mtu alivyokuwa kabla ya kupimwa. Chukulia, kwa mfano, kipimo kinachowagundua watu 95 kati ya 100 wenye virusi na kumsingizia mtu 1 kati ya kila 20 wasio navyo. Katika kundi la watu 1,000 ambamo 300 wameambukizwa, majibu ya kweli yatakuwa 285 na ya uongo 35. Katika kundi jingine la watu 1,000 ambamo walioambukizwa ni 20 tu, majibu ya kweli yatakuwa 19 na ya uongo 49, yaani wengi wa walioambiwa wanavyo hawatakuwa navyo, ingawa kipimo ni kilekile. Kwa hiyo swali la daktari kuhusu vidonda vya zamani na wenzi uliokuwa nao lina kazi katika hesabu hii, na lastahili jibu la kweli. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa huduma za kinga nchini Marekani lilirudia msimamo wake wa kutopendekeza kupima damu za watu wasio na dalili, wakiwemo wajawazito, na majibu ya uongo ni miongoni mwa sababu zake.

Kuhusu tarehe, kingamwili za IgG huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango kinachoonekana. Jibu hasi lililopatikana wiki ya tatu baada ya tukio unalolihofia halipingani na jibu chanya la miezi minne baada ya tukio hilo. La kwanza lilikuja mapema mno. Ukiwa na shaka ya maambukizi mapya, rudia kipimo baada ya wiki 12.

Kidonda kikijitokeza, usisubiri damu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au ya pili yake, kabla malengelenge hayajakauka, ukaombe sampuli ichukuliwe kwenye kidonda kwa ajili ya kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe na kutaja aina yake. PCR chanya ina nguvu kuliko jibu lolote la damu. PCR hasi haikutoi moja kwa moja katika shaka, kwa sababu kidonda huenda kilikuwa kimekwisha kupona au sampuli ilikuwa haba. PCR chanya ikiambatana na IgG hasi ya aina hiyohiyo, huo si mgongano: inaelekea ni maambukizi mapya ambayo mwili haujayatengenezea kingamwili za kutosha.

Hali hiyo ya mwisho ni ya haraka kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua. Anayeambukizwa hepesi ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza karibu na uchungu ana hatari ya asilimia 30 hadi 50 ya kumwambukiza mtoto, ilhali kwa mwenye maambukizi ya zamani hatari hiyo iko chini ya asilimia 1. Mkunga na daktari waelezwe mapema, kwa kuwa dawa kama asaikloviri na namna ya kuzaa hupangwa kwa kufuata jambo hilo.

Kwa wanandoa, jueni kwamba hakuna karatasi yoyote kati ya hizi inayosema virusi vilitoka kwa nani au mwaka gani. Mtu huweza kuishi na HSV-2 miaka mingi bila kidonda hata kimoja, na jibu la mume kutofanana na la mke si ushahidi wa uzinzi. Ikiwa jibu bado halina uamuzi baada ya kipimo cha pili, mwombeni daktari aandike hivyo kwenye faili, "haijathibitishwa", pamoja na namba zote mbili na tarehe zake. Tumieni kondomu hadi wiki 12 zipite na kipimo kirudiwe, na mpate maelekezo ya mahali pa kwenda kidonda kikitokea.