Somo: Kutunza kiti cha babu, kiondo na picha za zamani kwa njia za makumbusho

Kila mvua za masika zikianza hapa Nairobi, ujumbe humiminika: kiti cha babu kina ukungu, nipake nini? Mkuki umeshika kutu, nisugue na nini? Naelewa moyo unaouliza hivyo. Lakini wahifadhi wa makumbusho hawaanzi na kupaka wala kusugua. Wanaanza na mahali kitu kinapokaa: mwanga wake, unyevu wake, wadudu wake. Pakirekebishwa, kitu chenyewe mara nyingi hakihitaji kuguswa.

Nalijua hili kwa uchungu. Nilipoachiwa kiti cha miguu mitatu cha babu, fundi mmoja alinishauri nikipige msasa na vanishi. Pale pa kukalia palikuwa pameng'aa penyewe kwa miaka, na ukingo wa kulia ulikuwa mweusi, pale alipozoea kushika kwa vidole vyenye ugoro. Dakika ishirini za msasa ziliondoa yote hayo. Kiti kipo, kinang'aa, lakini mkono wa babu haupo tena.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kugusa. Piga picha kila upande, na nyufa zake. Pima. Andika kilikuwa cha nani, kilitoka kijiji gani, kilitumika kwa kazi gani, na nani amekusimulia. Kifunge kikaratasi kwa uzi wa pamba. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Msidharau hatua hii. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru kule pwani akiwa mbele ya vigango vya nduguze, yaani nguzo za mti zilizochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu. Muda mfupi baadaye vigango viwili viliibwa. Miaka ikapita, vikatambuliwa ndani ya makumbusho mawili ya Marekani, na picha ile ndiyo iliyothibitisha ni vya nani. Vilirudishwa nyumbani mwaka 2007. Bila picha vingebaki miti iliyochongwa, isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 2: Punguza mwanga. Watu hulalamika kwamba kumbi za makumbusho zina giza. Ni kwa makusudi. Nguo, karatasi, manyoya na vitu vyenye rangi dhaifu huwekewa mwanga usiozidi laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga); picha zilizochorwa kwa rangi za mafuta huvumilia hadi 200. Jua la mchana uwanjani hufika laksi 100,000. Piga hesabu: saa moja ya jua hilo ni sawa na saa 2,000 za maonyesho, yaani siku 250 za saa nane nane. Nasi tuko juu sana kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo miale ya urujuanimno ni mikali kuliko pwani. Rangi ikishapauka hairudi. Kwa hiyo kiondo kiondoke dirishani leo, hata kama hapo ndipo kinapopendeza.

Hatua ya 3: Tuliza unyevu. Ukungu huota hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa. Usiegemeze kitu kwenye ukuta wa nje wala ukuta wa bafu, na usikiweke moja kwa moja juu ya sakafu ya simiti. Acha nafasi ya kiganja nyuma yake hewa ipite. Ukungu ukiota, usikianike juani: mti ukikauka ghafla hupasuka. Kiweke kivulini penye upepo, kikikauka vaa barakoa, kitoe nje, upanguse kwa brashi laini.

Hatua ya 4: Wadudu. Hapa ndipo vitu vingi vinapotea. Vitundu peke yake si ushahidi; vyaweza kuwa vya miaka thelathini iliyopita. Weka kiti juu ya karatasi nyeusi, usikisogeze kwa wiki mbili, kisha chuchumaa utazame. Ukikuta vichuguu vidogo vya unga laini kama wa muhogo, humo ndani kuna kinachokula.

Usipulize dawa ya mbu. Inaacha madoa na haimfikii kiwavi aliye ndani ya mti. Zamani makumbusho mengi yalitumia aseniki kwenye ngozi na manyoya, na baadhi ya vitu hivyo vina sumu hadi leo. Siku hizi hugandisha. Funga kiti kwa karatasi nzito ya plastiki, kamua hewa, ziba vizuri. Kitie ndani ya friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka usikifungue: ngoja siku nzima au mbili kipate joto la chumba, ili umande ushike plastiki, si mti. Kitu chenye pembe za ndovu, meno, kioo au tabaka za rangi kisigandishwe.

Hatua ya 5: Usafi. Brashi laini kavu, basi. Chuma kishike kwa glavu, maana chumvi ya jasho huleta kutu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, stima hupotea sana huku Umoja. Nikigandisha na zikapotea je?*
Friza ikibaki imefungwa, saa chache si neno. Kitu kikiyeyuka kabisa, anza kuhesabu upya. Mdudu akipozwa polepole anaweza kuzoea baridi, ndiyo maana friza iwe imeshashika baridi kali kabla hujakitia.

*Picha ya harusi ya wazazi imegandana na kioo cha fremu. Nibandue kwa maji ya uvuguvugu?*
Tafadhali usifanye hivyo, dada yangu. Usibandue, usiloweshe. Itoe kwenye fremu ikiwa na kioo chake, ipige picha au skani kupitia kioo hicho, kisha ihifadhi gizani ikiwa imelala. Na zile nyingine usizitie laminesheni. Joto na gundi yake haviondoki tena.

*Nyanya ametuachia vazi la ngozi, limekakamaa. Mafuta ya nazi yatafaa?*
Hapana. Mafuta huvunda, hushika vumbi na huita wadudu. Lilaze, usilitundike. Pale linapojikunja weka mito midogo ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa. Usilifunge kwa gazeti. Asidi yake huhamia kwenye ngozi.

*Kwetu ni Kilifi, tuna vigango viwili shambani vinaliwa na mchwa. Nivilete Nairobi nivigandishe?*
Ndugu yangu, usiving'oe. Kwa Wamijikenda kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Huachwa kizeeke hapo hapo. Kaa kwanza na wazee wa kwenu. Wakikubali, vipige picha kila upande, pima urefu, andika jina la marehemu aliyesimikiwa kila kimoja, kisha nakala moja ibaki kwa mzee na nyingine kwako.