Jicho moja la akiba kwa ajili ya giza

Kabla ya kutoka sebuleni kwenye taa kali kwenda uani usiku, funika jicho moja kwa kiganja kwa dakika kumi hivi, kisha ulifunue ukishafika gizani. Kile ambacho wanasaikolojia hukiita kuzoea giza hufanyika zaidi ndani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kila jicho peke yake: rodopsini, kemikali ya seli fimbo (zile zinazoona kwenye mwanga hafifu) inayovunjwa na mwanga, huhitaji dakika 20 hadi 30 kurejea yote, ingawa hata sehemu yake hutosha kukuonyesha ndoo iliyoachwa njiani. Kufumba tu hakutoshi, kwani kope hupitisha mwanga. Kwenye ngazi usiitegemee mbinu hii, maana jicho moja hukadiria kina vibaya. Na tochi ya simu ikikumulika usoni, itabidi uanze upya.