Kuanzisha kanisa dogo Dodoma: anzeni sebuleni

Msianze na spika jamani. Anzeni na watu, hata saba tu, sie tulianzia sebuleni Nzuguni na mkeka mmoja, na sadaka ilikuwa inahesabiwa mbele ya wote inaandikwa kwenye daftari, hiyo msiiruke kabisa maana hela ndo huwa inavunja vikundi. Mtu asipoonekana Jumapili, Jumatatu mko kwake. Bibi zetu wa Kigogo wakitaka kuimba na ngoma zao waacheni, majirani ndo walivyoanza kuchungulia. Sebule ikijaa, turubai, ila lifungeni haswa, upepo wa Dodoma si mchezo, letu tulilikuta juu ya banda la kuku la jirani. Mwenyekiti wa mtaa muoneni mapema, na usajili ni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani.