Gabari za kujitengenezea katika karakana ya seremala wa Goma

Umeme wa Goma hukatika katikati ya kazi, na seremala aliyeweka matumaini yake yote kwenye mashine hubaki amekaa huku mteja akiusubiri mlango wake. Kwa sababu hiyo ninaandika hapa kuhusu gabari, yaani vifaa ambavyo fundi hujitengenezea mwenyewe kwa mabaki ya mbao ili viuongoze msumeno au randa mahali palepale kila mara, bila haja ya kupima upya. Zote nitakazozieleza hutumika kwa vifaa vya mkono.

Gabari haitengenezwi kwa mbao mbichi. Mkaratusi uliopasuliwa wiki iliyopita utapinda na kupasuka kadiri unavyokauka, na pembe uliyoipima leo haitakuwepo mwezi ujao. Mbao ya libuyu iliyokauka vizuri inafaa, na kwa sehemu pana tripleksi, yaani ubao wa tabaka zilizogundishwa, inafaa zaidi. Mbao ya muvula nayo ni imara, ila ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali ya randa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Anayeifanyia kazi afunike pua na mdomo.

Kabla ya yote, ipime guni yako, yaani kifaa cha kupimia pembe mraba. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari kwa penseli iliyochongwa, kisha igeuze upande wa pili na uchore mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, guni ni sahihi. Ikiachana, nafasi iliyopo kati yake ni kosa la guni mara mbili. Guni yenye kosa itaingiza kosa hilo katika kila gabari utakayoitengeneza, na kila gabari italipeleka katika kila kazi.

Kama ningeruhusiwa kubaki na gabari moja tu, ningechagua ubao wa kurandia vichwa vya mbao, yaani ncha zake zilizokatwa. Chukua ubao wa chini wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 25. Juu yake gundisha ubao wa pili wenye urefu uleule lakini upana wa sentimita 15, ukilinganisha kingo za kushoto, ili upande wa kulia ibaki njia ya sentimita 10 ambamo randa italala ubavu na kuteleza. Kwenye ncha ya mbali, juu ya ubao wa pili, weka kizuizi cha kuegemeza ubao unaorandwa, chenye unene wa sentimita 2 kinachofanya pembe mraba na njia hiyo. Kizuizi kisigundishwe. Kifunge kwa skurubu mbili, moja ikiwa katika tundu lililopanuliwa kidogo, ili uweze kukirekebisha.

Nililipia somo hilo. Msimu mmoja wa mvua nilitengeneza fremu za madirisha manane kwa gabari ambayo kizuizi chake nilikuwa nimekigundisha. Ubao ulivimba kwa unyevu, pembe ikahama, na fremu zote zikatoka na kosa lilelile, hata nikalazimika kuzifungua moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kazi naranda vichwa vya vipande viwili, nakigeuza kimoja juu chini, kisha naviunganisha kichwa kwa kichwa kando ya ubao ulionyooka. Vikinyooka pamoja, naendelea; vikivunjika kama kiwiko, nalegeza skurubu na kukisogeza kizuizi kwa unene wa karatasi.

Unapokata vipande vingi vya urefu mmoja, funga kijiti cha kuzuia kwenye umbali unaoutaka na usukume kila ubao mpaka uguse hapo. Kata pembe ya chini ya kijiti hicho, kwa sababu vumbi la msumeno likijikusanya mbele yake kila kipande kitapungua, nawe hutatambua mpaka wakati wa kuunganisha.

Kwa milango napendekeza fimbo ya vipimo. Badala ya kurudia futi kamba, tia alama zote za mlango kwenye ufito mmoja mkavu: mahali pa mbao za kulala, bawaba na kitasa. Ukishaunganisha, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Mlango wa sentimita 80 kwa 200 ulio mraba utakupa takriban sentimita 215.4 kila upande.

Sakafu zetu ni suala la pekee. Karakana nyingi zimesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na meza inayoyumba humfanya fundi mwenye mkono mzuri arande vibaya. Ingiza kabari chini ya miguu, kisha laza fimbo mbili zilizonyooka, zenye kimo sawa, kwenye ncha mbili za meza, uiname na kutazama kingo zake za juu. Zisipolingana, meza imejipinda, na ubao utakaourandia hapo unaweza kuufuata mpindo huo.

Asiye na vibano vya chuma atumie mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Ukate kwa kuuzungusha ili upate utepe mrefu wenye upana wa sentimita 3, uvute kwa nguvu na uuzungushe mara kadhaa kwenye kiungo chenye gundi. Hubana vizuri hata miguu ya viti isiyo na pande sambamba, mahali ambapo vibano vingi vya chuma huteleza. Uache mpaka gundi ishike, wala usikipe kiti uzito kabla ya siku nzima kupita.

Patasi nayo ina gabari yake. Chonga kabari yenye mlalo wa milimita 100 na kimo cha milimita 47, nawe utapata pembe ya takriban nyuzi 25. Kwa nyuzi 30, kimo kiwe milimita 58. Isimamishe kando ya jiwe la kunolea, na kila baada ya mapitio machache linganisha mteremko wa patasi na wa kabari, kwa kuwa mkono huinuka polepole bila mwenyewe kuhisi.

Toboa tundu katika kila gabari uitundike ukutani, mbali na mabati yanayovuja, na uandike juu yake kwa penseli kazi yake, vipimo vyake na tarehe uliyoikagua mara ya mwisho. Mvua za Septemba zikianza, zishushe zote na uzipime tena kwa guni.