Somo: kuchagua raifo ya kwanza na risasi zake kwa anayeanza kuwinda pongo na swala

Wakuu habari za saa hizi. Huku Mafinga ukungu haujaachia tangu alfajiri, nimekaa jikoni na chai nikasema leo hili somo niliandike, maana wiki haipiti bila kijana kunifuata "kaka nataka raifo, nichukue ipi". Naongea na mtu anayewinda kihalali, mwenye leseni ya silaha au anayeifuatilia, na atakayekata kibali cha kuwinda chenye jina la mnyama na eneo lake. Kama karatasi bado, anzia serikali ya mtaa na polisi, hela ya bunduki usimpe mtu yeyote kwanza.

Hatua ya 1: unataka kuwinda mnyama gani

Wengi wanaanza na bunduki, mimi nakwambia anza na mnyama. Pongo dume ana kilo 40 hadi 80, swala pala naye yuko humohumo, nsya hafiki hata 30. Ukishuka Chunya kuelekea Rungwa kwenye miombo unaingia kwa kongoni wa kilo 150 na kitu, tandala mkubwa dume anapita 200, na pofu dume aliyekomaa anaweza kugonga 900. Huwezi kusema "swala" halafu ukaweka hao wote kapu moja. Nyati simweki kabisa kwenye somo hili, huyo ana risasi zake, .375 H&H kwenda juu, na siyo mnyama wa mtu anayeanza.

Hatua ya 2: risasi

Ile namba ya mwanzo kwenye jina la risasi inasema takriban unene wa kichwa chake kwa inchi, basi. .308 ni kama milimita 7.8. Nguvu inategemea pia ganda limebeba baruti kiasi gani, ndiyo maana .308 na .30-06 vichwa vyake vina unene uleule lakini maganda tofauti, na HAZIBADILISHANI, risasi ya bunduki moja usiijaribu kwenye nyingine hata kama inaonekana inaingia.

.243 Winchester ilitoka 1955, ni ganda la .308 limebanwa shingo. Kichwa cha kuwindia kawaida greini 100, yaani gramu 6.5 hivi. Teke lake dogo, inalenga vizuri, kwa pongo na swala pala inatosha kabisa. England na Wales sheria yao ya kulungu ya 1991 inataka raifo isiyopungua .240 kwa kulungu wakubwa, kwahiyo wenzetu wanaangusha kulungu mzito kuliko pongo wetu kwa hii hii .243.

.308 Winchester ni ya 1952 na ndiyo ninayomshauri mtu mwenye uwezo wa kumiliki raifo moja tu. Greini 150 ni gramu karibu 9.7, inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde hivi, na ukipanda greini 180 unaweza kumkabili kongoni na tandala bila wasiwasi. .30-06 ni ya 1906, ina nguvu kidogo zaidi na teke kidogo zaidi. .270 ya 1925 ni ganda la ukoo wa .30-06 lililobanwa shingo, nzuri sana ukiwa mbugani kweupe. Yoyote kati ya hizi haitakuangusha.

Ila kabla hujachagua nenda duka la silaha lenye leseni uulize risasi zipi ziko kwenye shelfu LEO, na mwaka jana zilikuwepo? Raifo ya kisasa yenye risasi za kuagiza utabaki unaipangusa tu nyumbani.

Hatua ya 3: teke, hapa ndipo watu wanapoharibikiwa

Mimi bunduki yangu ya kwanza ilikuwa .375. Niliambiwa mwanaume hanunui ndogo, nikasikiliza. Siku ya mazoezi risasi ya kumi bega lilikuwa limevimba, ya kumi na tano nilikuwa nafumba macho kabla sijavuta triga na wala sijui kama nafumba. Msimu ukafika, pongo akasimama ubavu mita kama 70, rahisi kabisa, nikavuta, akaruka mgongo umekunjwa akaingia kwenye vichaka vya kando ya mto. Pale aliposimama nikakuta tone la damu kwenye jani, ndani yake kuna vipande vya kijani, majani aliyokula. Nilijua palepale nimempiga tumboni. Tulimfuata mpaka giza likaingia, tukampata asubuhi, fisi wameshamaliza. Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu ya bunduki niliyokuwa naiogopa, na ndiyo sababu naandika hili somo.

Jipime hivi. Ukiwa uwanja wa shabaha, mwenzako akupakilie, mara risasi halisi mara ile ya bandia ya mazoezi, bila wewe kujua ipi ni ipi. Ukivuta ile ya bandia, isitoe mlio, na mdomo wa mtutu ukazama chini, wewe unashtuka. Shuka risasi, chukua .243 au .308, hakuna aibu yoyote.

Hatua ya 4: bunduki yenyewe

Chukua ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi. CZ, Tikka, Ruger, Mauser ya zamani iliyotunzwa, zote zinafanya kazi. Hakikisha haina kitu chemba, ielekeze pasipo na mtu, fumba macho uipandishe begani, fumbua. Jicho liwe katikati ya darubini bila kunyoosha shingo. Na nenda na koti lako la baridi! Huku kwetu Juni na Julai unawinda na jaketi zito, kitako kilichokukaa sawa dukani na shati kitakwama kwapani porini.

Kama ni iliyokwisha tumika, toa bolti, chungulia mtutu ukielekeza kwenye mwanga. Niliwahi kuuziwa moja inang'aa mafuta, nilipopitisha kitambaa kikatoka cha rangi ya matofali, ndani kutu tupu. Siku hizi napitisha kitambaa mbele ya muuzaji ndipo tuongee bei.

Hatua ya 5: shabaha

Nunua softi, ile yenye ncha laini inayofunguka ndani ya mnyama. Solidi, zile ngumu zisizofunguka, zinapita moja kwa moja, pongo anaondoka na tundu dogo anafia mbali. Rekebisha darubini mpaka risasi igonge palepale unapolenga kwenye mita 100, hapo .308 itashuka kama sentimita 10 ukifika 200, na kwenye miombo mara nyingi hutapiga mbali hivyo. Subiri akae ubavu, lenga nyuma tu ya bega, theluthi moja ya kifua kutoka chini.

Piga ukiegemea. Mimi natumia mianzi mitatu mikavu, hii hii tunayogema ulanzi, nimeifunga juu kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nyepesi, haigharimu kitu.

MASWALI YA WADAU

*Mdau wa Makambako:* Mkuu, babu alituachia gobore, siwezi kuanza nalo?
Pole kwa msiba kama ni wa karibuni. Kwanza nenda kaliripoti polisi, silaha ya marehemu haikai nyumbani kimyakimya. Na kwa kuwinda hapana, shabaha yake fupi, una risasi moja tu, na likichoka linaweza kukupasukia usoni.

*Dada wa Iringa mjini:* Mimi ni mwembamba, kilo 52, .243 itaniwezea pofu?
Dada, itakufaa sana wewe, kwa pofu ndiyo haitoshi. Anza nayo kwa pongo na swala pala misimu miwili. Pofu mwachie .30-06 yenye kichwa kizito au .375, siku utakapokuwa tayari.

*Mdau wa Tukuyu:* .308 si ndiyo 7.62? Zile za SMG zinaingia?
HAPANA. Ya SMG, yaani AK-47, ni 7.62x39, ganda fupi. Ndugu yake .308 ni 7.62x51. Na za SMG hata usiokote, ni za vyombo vya ulinzi, zitakupeleka jela. Na wewe wa Tukuyu kwa mvua zile, ukirudi porini usiiache bunduki kwenye mfuko wake ikiwa mbichi. Itoe, ikaushe, mafuta kidogo usiku uleule, halafu kabla ya kupiga tena pangusa mafuta ndani ya mtutu.

*Mdau wa Chunya:* Nikimjeruhi nimfuate mara moja?
Pakia tena palepale, weka alama aliposimama, subiri nusu saa. Pongo aliyejeruhiwa anageuka na pembe, usiingie kichakani peke yako.