Jinsi ya kusoma stori za watakatifu wa Kihindu na wafalme wao bila kupotea

Kabla ya yote, Kihindi na Kihindu si kitu kimoja. Kihindi ni cha nchi ya India au ile lugha, Kihindu ni cha dini, na hapa tunaongelea dini. Usipoweka hilo sawa mapema utachanganya kila kitu, manake India hiyohiyo ilikuwa na Wajaini (watu wa dini nyingine ya kale ya huko) na Wabudha, baadaye na Waislamu, na wapo wafalme waliowapa pesa watu wa dini zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Sasa ukianza kusoma utagundua stori nyingi zinafanana. Mtakatifu anatokea, anaimba, mfalme ni mkatili au ana mgonjwa nyumbani, mtakatifu anafanya muujiza, mfalme anamwangukia miguuni, hekalu linajengwa. Hapo wengine wanaamini kila neno na wengine wanatupa kila kitu wanasema hizi ngano tu, na wote wanakosa utamu, kwa sababu ndani ya stori hizi kuna historia kweli ila lazima ujue pa kuitafuta.

Cha kwanza, andika miaka miwili pembeni: mtakatifu aliishi lini, na stori yake iliandikwa lini. Mfano mzuri ni Appar, yule mwimbaji wa mungu Shiva wa kusini mwa India. Aliishi karne ya 7, na simulizi inasema alikuwa Mjaini, akashikwa na ugonjwa wa tumbo, dada yake akamrudisha kwa Shiva akapona, kisha mfalme wa Wapallava akamtesa weee mpaka mwisho mfalme mwenyewe akaongoka. Mfalme huyo watu wengi wanamchukulia kuwa ni Mahendravarman wa Kwanza. Lakini maisha ya Appar kwa urefu, pamoja na ya watakatifu wenzake wanaoitwa Wanayanar, jumla yao 63 pamoja naye, yaliandikwa na Sekkizhar karne ya 12 chini ya wafalme wa ukoo wa Chola. Hiyo ni miaka 500 hivi! Kwa hiyo ukisoma kitabu hicho unasoma mambo mawili kwa mpigo, Appar wa zamani na pia watu wa enzi ya Chola wanavyotaka mfalme aonekane, yaani mtu anayemnyenyekea mtakatifu. Nyimbo za Appar mwenyewe ziweke fungu lake peke yake, hizo ndo sauti ya karibu zaidi naye.

Cha pili, na hapa ndo napenda kukaa muda mrefu, tafuta jiwe. Wafalme na wafadhili wa kusini walichonga sadaka zao kwenye kuta za mahekalu, na jiwe hilo ulisome kama risiti. Nenda Thanjavur, hekalu la Brihadisvara la mfalme Rajaraja wa Kwanza aliyeanza kutawala mwaka 985, lilikamilika 1010. Mfalme aliagiza kichongwe kwenye jiwe kile alichotoa yeye, alichotoa dada yake mkubwa, walichotoa wake zake na walichotoa wengine. Na kweli kimechongwa. Kuna dhahabu, kuna vito, kuna sanamu za shaba, kuna wanawake 400 wa hekalu waliohamishwa kutoka mahekalu mengine na kupewa nyumba, majina yao yapo na walikotoka papo, kuna waimbaji wa kuimba nyimbo za akina Appar. Hebu fikiria, tuna majina ya wanawake wa miaka 1000 iliyopita kwa sababu tu mtu alitaka hesabu yake ikae wazi.

Ukisoma jiwe la namna hiyo uliza maswali haya haya kila mara: ni mwaka wa ngapi wa utawala, nani anatoa, anatoa nini, anakabidhiwa nani, na kwa kazi gani. Mfano wa kawaida sana wa enzi ya Chola ni taa. Mtu anataka taa iwake mbele ya mungu milele, basi anatoa kondoo 96. Kondoo wanapewa wachungaji, na wachungaji wanatakiwa walete kipimo cha samli kila siku kwa ajili ya taa hiyo. Kondoo hao wanaitwa wasiokufa wala kuzeeka, kwa sababu wakifa wanaingizwa wengine na hesabu haipungui. Ukielewa neno wakfu tayari umeelewa asilimia kubwa ya mambo haya, mali inakaa, mazao yake ndo yanatumika. Na utaona pia mfadhili si mfalme peke yake, kuna wafanyabiashara, kuna mabaraza ya vijiji, kuna malkia kama Sembiyan Mahadevi wa karne ya 10 aliyejenga upya kwa mawe mahekalu yaliyokuwa ya matofali, mtu ambaye mimi naona anastahili kutajwa zaidi ya wafalme wengi.

Cha tatu, weka stori na jiwe pamoja uone wapi vinagongana. Ramanuja, mwalimu mkubwa wa wafuasi wa mungu Vishnu, simulizi inasema alikimbia mateso ya mfalme wa Chola akaingia nchi ya Wahoysala, akamponya binti wa mfalme, na mfalme aliyekuwa Mjaini akaongoka akaitwa Vishnuvardhana. Zipo simulizi za baadaye zinazodai mfalme huyo aliwatesa Wajaini. Haya, sasa njoo kwenye mawe. Ni kweli Vishnuvardhana alijenga hekalu la Vishnu pale Belur mwaka 1117. Lakini malkia wake Shantala alibaki Mjaini na mwaka 1123 akajenga hekalu la Kijaini Shravanabelagola, jemadari wake Gangaraja alikuwa Mjaini, na mwaka 1133 hekalu la Kijaini lilipowekwa wakfu Halebidu mfalme alipokea baraka zake kwa furaha, akaliunganisha jina la mungu wa pale na jina la mwanawe aliyezaliwa. Mtu aliyewatesa Wajaini hafanyi hivyo. Kwa hiyo kuongoka kwake pengine kulikuwa kuongeza mlango mwingine nyumbani, sio kufunga ule wa zamani, na hilo ndo jambo ambalo wasomaji wa siku hizi tunashindwa kulielewa kwa sababu tumezoea mtu awe upande mmoja.

Halafu jiulize mfalme alipata nini. Krishnadevaraya, mfalme wa dola ya Vijayanagara aliyetawala 1509 mpaka 1529, alipanda mlima wa Tirumala wenye hekalu la Vishnu mara saba kupeleka vito na dhahabu, na sanamu yake ya shaba iko pale hekaluni pamoja na wake zake wawili, wameunganisha mikono wakisalimu. Mahujaji wanaopita wanamwona mfalme kama mtumishi wa mungu. Imani yake sina sababu ya kuitilia shaka, lakini imani na siasa zilikuwa chumba kimoja, usijaribu kuzitenganisha kwa nguvu.

Watakatifu waliokataa wafalme usiwaruke. Basava wa karne ya 12 alikuwa mtu wa serikali, waziri wa mfalme Bijjala, lakini aliimba kwamba matajiri wajenge mahekalu, yeye maskini mwili wake ndo hekalu. Mirabai alikuwa mke wa mwana wa mfalme kule Mewar, na simulizi inasema wakwe walimpelekea sumu kwa sababu hakuacha kumwimbia mungu Krishna. Tukaram wa Maharashtra anasimuliwa kuwa alirudisha zawadi za mtawala Shivaji. Hata kama huwezi kuthibitisha kila tukio, angalia watu waliozipenda stori hizi: wakulima, wafumaji, wanawake, watu ambao hakuna mfalme aliyewachongea jiwe.

Ukitaka kujipima anza na jiwe la Shravanabelagola la mwaka 1368. Wajaini walipeleka malalamiko kwa mfalme Bukka wa Vijayanagara kuhusu wafuasi wa Vishnu, na jiwe linasema mfalme akaushika mkono wa Wajaini akauweka mkononi mwa wale wengine, akatamka kwamba kati ya imani hizi mbili hakuna tofauti. Halafu linaendelea mara moja na pesa: kila nyumba ya Kijaini itoe hana moja (sarafu ya zama hizo) kwa mwaka, zilipie walinzi 20 wa mungu wa pale, zinazobaki zikarabati mahekalu yaliyochakaa na kuyapaka chokaa. Chukua karatasi, andika nani, nini, kwa nani, kwa kazi gani.